Gitare ya Cyusa Inakata Uzi

Uzi ulikatika tena Jumapili, katikati ya uwanja wa kanisa, watu wote wakiangalia. Ulilia "tii!" kama kifaranga kilichokanyagwa, ukaruka na kumchapa Papa Damien kwenye kidole. Papa Damien, mkubwa wa korale, kwaya ya kanisa, alikinyonya kidole chake chenye damu, akaitazama gitare iliyolala juu ya magoti yake jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyekataa kamba.

"Iko ule ule," akasema. "Uzi wa tatu. Mama Cyusa, utusamehe. Leo tena haitawezekana."

Wanakorale wakafunga vitabu vyao vya nyimbo. Akina mama wa shirika, jumuiya ya kusali ya kilima kile, wakaanza kusimama, wakijikung'uta nyasi. Mmoja wao akamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono ukafika mbali kuliko alivyotaka:

"Mwenyewe anakataa. Kama angekuwa alikufa kweli, angetuacha tumulilie."

Uwingabire, mama yake Cyusa, alisikia. Aliinamisha kichwa, akasema, "Mapenzi ya Mungu yafanyike." Lakini ndani ya kifua chake kitu kiliruka kwa furaha, kama mtoto aliyesikia mlango ukifunguliwa. Furaha hiyo ilimtisha. Akashika rozari yake na kuifinya mpaka msalaba ukamchoma kiganjani.

Cyusa alikuwa mwanawe wa pekee. Mume wake, Nsengimana, alikufa kwa homa akamwachia kilima cha maharagwe, kipande cha mihogo, na mtoto aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mtoto huyo alikua na muziki ndani yake. Gitare aliitengeneza mwenyewe: tumbo la mbao, shingo ya mti wa mgrevilea, funguo za kuchonga kwa kisu. Nyuzi alizitoa ndani ya kamba za freni, yaani breki, za pikipiki, akifumua ile waya nene na kuchagua nyembamba moja moja. Kila misa, gitare ile ndiyo iliyoongoza korale.

Halafu vita vikaleta watu wengi kilimani na kuondoa chakula, na Cyusa akasema anaenda Walikale kuchimba kasiterite, mawe ya bati, kama vijana wengine. Hakwenda Bisie kwenye mashine za kampuni. Alikwenda kwenye shimo la porini, mbele ya Kibua, mahali ambapo watu wanashuka kwa kamba na tochi ya kichwani. Mvua ilinyesha, udongo ukaanguka. Wenzake walichimba mpaka wakachoka, na kila walipotoa udongo mwingine ulishuka. Mwishoni walisimama pale, wakasali, wakaondoka.

Kilichorudi nyumbani Masisi ni gitare tu. Ilibebwa mgongoni na Nestor, rafiki yake, kwa miguu, ikiwa imefungwa ndani ya shuka. Cyusa hakuwa na kaburi. Kwa hiyo gitare ile ndiyo waliyoilaza juu ya mkeka, ndiyo waliyoizunguka na kuililia. Ndiyo iliyokuwa maiti yao.

Kwa watu wa kilima kile, kilio kikiwa bado wazi nyumbani, jembe haliingii shambani na mbegu haiguswi. Siku ya kukiondoa, shirika linasali, kisha mwenye msiba anashika jembe na kupasua udongo mbele ya wote. Na kama aliyekufa alikuwa wa korale, kuna jambo moja zaidi. Chombo chake kinapigwa wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Wimbo ukikatika njiani, kilio kinabaki.

Na wimbo wa Cyusa ulikuwa unakatika kila mara.

Huwezi kusema Papa Damien hakujaribu. Kwanza alidhani waya imekula kutu, akafumua kamba mpya ya freni. Ikakatika. Akasema wanakaza mno, akalegeza nyuzi zote mpaka korale ikaimba chini kama watu wenye mafua. Uzi ukavumilia ubeti mmoja, ukakatika. Akakwangua tundu la ufunguo, akapaka nta ya mshumaa uliobaki altareni, ili waya iteleze. Ikakatika. Wakaagiza nyuzi za duka kutoka Goma, nyeupe, zinang'aa ndani ya karatasi yake. Ule wa tatu ulikatika hata kabla hawajamaliza kuusifu. Hapo katekista akaja na maji ya baraka, akanyunyiza.

"Haya," akasema Mukashema, "sasa mumeongeza kutu."

Mukashema alikuwa wifi yake Uwingabire, dada wa marehemu Nsengimana, mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi wa kusaidia. Jumapili ile alitembea naye kurudi nyumbani, akiwa amebeba kiti cha wote wawili kichwani.

"Mama Cyusa, ulisikia mvua ya jana?"

"Niliisikia."

"Watu wote wamekwisha kupanda. Mbegu yako itaota ndani ya nyumba, uanze kupalilia chini ya kitanda."

"Kilio iko bado wazi, wifi. Nitafanyaje?"

"Umwambie katekista akuruhusu. Mungu haangalie waya ya pikipiki."

Uwingabire akaendelea kutembea. Walipofika penye njia panda, alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu uji wa moto kwa kidole: "Dereva mumoja wa kamyo alisema aliona kijana Hombo, sokoni. Murefu, mwenye kovu kwenye nyusi kama Cyusa. Alikuwa anapiga gitare."

Mukashema akashusha kiti. Alimtazama wifi yake kwa muda, na makali yote yakamtoka usoni.

"Mama Cyusa. Gitare yake iko hapa. Ule wa Hombo anapiga ya nani?"

"Anaweza kutengeneza ingine."

"Anaweza," akasema Mukashema polepole. Akabeba kiti tena, wakaendelea kupanda.

Jambo ambalo Uwingabire hakumwambia wifi yake, wala Papa Damien, wala padri katika kitubio, ni hili: alikuwa anajua ni kwa nini uzi unakatika.

Hakufundishwa na mtu. Aliona tu. Uzi ulikatika kila mara wakati Papa Damien anakaza ufunguo au mkono wake unapopanda shingoni, kwa hiyo macho ya watu wote yalikuwa juu, kwenye funguo. Uwingabire ndiye aliyeokota vipande vya waya kwenye nyasi ili kuku wasivimeze, na aliona kwamba kile kipande kirefu kilibaki siku zote kikining'inia kwenye ufunguo. Kilichobaki chini kilikuwa kifupi kama pingili ya kidole, leo na kesho, hakibadiliki. Uzi haukukatika juu hata siku moja. Ulikatikia chini, juu ya kale kachuma ambako nyuzi zinapumzika kabla ya kufungwa kwenye tumbo.

Zamani pale palikuwa na mfupa wa ng'ombe. Ulipasuka katika juma lile Cyusa aliloondoka, naye akaweka mahali pake kipande cha spoki ya baiskeli. Siku moja gitare ikiwa mkekani, Uwingabire alipitisha kidole gumba juu ya chuma kile. Penye uzi wa tatu palikuwa na jino dogo, kali, kama jino la mtoto wa paka.

Angeweza kusema siku ile. Neno moja tu. Lakini uzi ukishika, wimbo utamalizika. Wimbo ukimalizika, atapewa jembe. Akipasua udongo, Cyusa atakuwa amekufa. Basi akalinyamazia jino lile. Na kila Jumapili uzi ulipolia "tii!", mtoto wake aliongezewa juma lingine la kuwa njiani.

Jambo moja tu ndilo lililomsumbua. Kama chuma kina jino, Cyusa mwenyewe alipigaje kule porini?

Nestor alikuja siku ya soko, na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa kijana mwenye miguu mirefu na haya nyingi. Tangu alipoleta gitare hakurudi pale, maana hakujua aseme nini.

"Karibu, mwanangu. Ikaa."

"Aksanti, mama." Akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Nilisikia kilio haiyaisha."

"Haiyaisha. Gitare iko inakata uzi."

"Ya Cyusa?" Nestor akashangaa kabisa. "Inakata uzi? Mama, kule haikukatika hata siku moja. Sisi njo tulikuwa tunakatika, kiuno na mikono. Lakini ile gitare, hapana."

Uwingabire aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea mihogo.

"Uliileta vile ilikuwa?"

"Vile vile. Niliiosha tu, mama. Ilikuwa na matope, sikuweza kukuletea kintu ya mutoto wako na uchafu. Nilipangusa nyuzi, nikapangusa tumbo, nikatoa na kale kakitambaa..."

"Kakitambaa gani?"

"Kalikuwa chini ya nyuzi, juu ya kachuma. Ka kitenge. Kalikuwa keusi na jasho, lakini kwa pembeni uliona bado buluu, na nyota ndogo ya njano. Tulikuwa tunamucheka, mama! 'Cyusa, gitare yako iko bado inavaa nepi?' Naye anatukaripia: 'Muache. Hii iko kitenge ya mama. Hii chuma iko na meno, na kitenge ya mama njo inaifunga kinywa.'" Nestor alicheka kidogo kwa kukumbuka, kisha kicheko kikamfia mdomoni, maana uso wa mama yule ulikuwa umebadilika.

Kitenge cha Mama Maria. Akina mama wote wa shirika walikuwa nacho, cha buluu, chenye sura ya Bikira Maria katikati na nyota za njano kwenye pindo. Katika juma lile la kuondoka, Uwingabire alikuta pembe moja ya kitenge chake imekatwa kwa kisu. Alimgombeza Cyusa mpaka majirani wakatoka nje. "Kazi gani hiyo inayoshinda heshima ya Mama Maria?" Na yule mtoto alicheka tu, akainama apewe baraka kwenye paji la uso, akasema, "Iko kazi kubwa, mama. Nitakununulia ingine." Tangu hapo, kila misa, Uwingabire alikunja pindo lile ndani ili wenzake wasione.

"Ulikaweka wapi?" akauliza.

"Nilikatupa, mama. Mutoni, pale nilikuwa naosha." Macho ya Nestor yakaanza kujaa. "Nilifanya mubaya?"

"Hapana." Alinyoosha mkono akamshika goti. "Uliosha maiti, mwanangu. Maiti inaoshwaka."

Kuku aliingia, akatazama, akatoka. Kisha Uwingabire akauliza lile swali ambalo hakumuuliza siku ile gitare ilipofika, kwa kuogopa jibu lake.

"Nestor. Ulimwona akiingia?"

"Nilimuona, mama." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Mimi njo nilikuwa naye pale juu. Alinipa gitare nishike. Akasema, 'Ukae nayo, ninarudi sasa hivi. Na usiguse kitenge ya mama.' Akashuka. Tochi yake niliiona mpaka chini. Kisha mvua..." Hakumaliza.

"Na hakuna njia ingine ya kutokea?"

"Hapana, mama. Iko moja tu."

Nestor alipoondoka, Uwingabire aliingia chumbani. Alitoa kitenge sandukuni, akakikunjua juu ya kitanda, akapiga magoti mbele yake. Bikira Maria alimtazama toka kwenye kitambaa na mikono yake iliyofunguliwa. Alisali Njia ya Msalaba, vituo vyote, bila kuruka. Alipofika pale Yesu anaposhushwa msalabani na kulazwa mapajani mwa mama yake, sauti ilimkatika.

"Mama," akamwambia yule wa kwenye kitenge, "wewe walikupa umushike."

Alikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Alielewa vizuri kwamba hakuna mtu anayemlazimisha. Nestor hakujua alichokuwa amekisema. Papa Damien angeendelea kuzitesa funguo zake mpaka Krismasi. Angeweza kukikunja kitenge, akakirudisha sandukuni, na kijana wa Hombo angeendelea kupiga gitare yake sokoni, akiwa na kovu lake kwenye nyusi. Lakini kila alipojaribu kumuona kijana yule, sasa aliona tochi ikishuka.

Akachukua kisu.

Jumapili iliyofuata, kabla Papa Damien hajaanza kukaza nyuzi, Uwingabire alisimama katikati ya akina mama, akavuka uwanja, akaweka mbele yake kipande cha kitenge, kirefu kama kidole, chenye nyota moja.

"Papa Damien, uache funguo. Upitishe kidole hapa chini."

Papa Damien alipitisha. "Eh!" Akapitisha tena. "Eh, kumbe iko na jino! Na siye tunakwangua huku juu kama panya." Akaitisha jiwe la kunolea, akalisugua jino lile taratibu, akipuliza vumbi la chuma.

"Usilimalize," Uwingabire akasema. "Kachuma kabaki ka Cyusa. Ulaze tu hii kitenge juu yake, uikunje mara mbili, uzi upite juu. Yeye njo alikuwa anafanya vile."

Papa Damien alifanya kama alivyoambiwa. Kisha akainua macho, maana alikuwa mtu mwenye akili na swali lilikuwa limemfikia.

"Mama Cyusa. Hili jino, uliliona lini?"

Uwingabire angeweza kusema jana.

"Tangu mwanzo," akasema.

Alingoja maneno. Aliona akina mama wakitazamana. Walikuwa wamesali na kuondoka, wamesali na kuondoka, mashamba yao yakiwangoja. Mukashema alijipenyeza katikati yao, akaja akasimama kando yake, akamshika mkono kwa nguvu kama anayeng'oa muhogo.

"Hata mimi ningenyamaza," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Papa Damien, upige."

Papa Damien akapiga.

Haikuwa sauti waliyoizoea. Kitenge kiliufunika uzi kidogo, ikatoka sauti nzito, laini, kama mtu anayeimbia mtoto akiwa amefunga mdomo. Wanakorale walitazamana, hawakuijua. Uwingabire mwenyewe hakuijua. Lakini nyuma, penye ukuta, Nestor alitoa mlio, akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa mikono yake yote.

"Njo hiyo," akasema. "Njo yeye. Njo yeye."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mwanawe kule porini. Wengine walikuwa wameisikia, watu wa shimo, wakiwa wamechoka, wakimcheka kwa nepi ya gitare. Yeye mama aliisikia leo, mara ya kwanza, kutoka kwa mikono ya mtu mwingine.

Ubeti wa kwanza ukapita. Uwingabire alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea, na wote waliomtazama walidhani anamuombea marehemu. Wimbo ulipofika ubeti wa pili ndipo yeye mwenyewe alisikia anachoomba. Alikuwa anasema: Katika. Bwana, ukatike. Mara hii moja tu, ukatike.

Uzi haukukatika. Wimbo ulifika mwisho wake, ukatulia. Katekista akaleta jembe. Uwingabire akalipokea kwa mikono miwili, akaenda pembeni mwa uwanja, akapiga mara moja. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Ulipasuka kirahisi, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, kama siku ile gitare ilipoletwa, na wanawake wakamzunguka.

Kesho yake alikuwa shambani na Mukashema. Walipanda maharagwe, mmoja akichimba, mmoja akidondosha. Kitenge cha Mama Maria alikuwa amekivaa, pindo likiwa nje, pembe mbili zikikosekana.

Toka chini kwenye kanisa walisikia korale inajizoeza. Papa Damien alikuwa anapiga wimbo mwingine, wa furaha, wa harusi ya mtu, na sauti ile nzito ilipanda kilima taratibu. Uwingabire alisimama na mbegu mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja. Alisikiliza muda mrefu.

"Wifi," Mukashema akasema polepole, "shimo iko inangoja."

"Ninaiona," akasema Uwingabire.

Alisikiliza bado kidogo. Kisha akainama, akadondosha mbegu, akaifunika kwa mguu.